Kirusi cha safari: shajara ya kabla ya Kazan

Februari, mwanzo

Mdogo wangu anamaliza udaktari Kazan, Urusi, mwishoni mwa Juni, na nyumbani tumekubaliana kwamba anayekwenda kwenye mahafali ni mimi. Ndege ya kupitia Dubai itanishusha Domodedovo, Moscow. Yeye siku hizo atakuwa amebanwa na mitihani ya mwisho, hawezi kuja kunipokea, kwa hiyo kutoka Moscow hadi Kazan, kama kilomita 800 kuelekea mashariki, nitajipeleka mwenyewe kwa treni ya usiku. Mradi ndio huo: ifikapo Juni niwe na Kirusi cha kunitoa uwanja wa ndege, kunipitisha kwenye metro (treni ya chini ya ardhi) na dukani, na kunilaza kwenye kitanda kilichoandikwa kwenye tiketi yangu.

Ufasaha siutafuti. Kusoma magazeti, kujadili siasa, kuandika barua, vyote hivyo vimo nje ya mradi. Nayaandika haya mapema kwa sababu lugha ina tabia ya kumvuta mtu kando. Unaanza na "naomba chai", baada ya wiki unajikuta unakariri majina ya ndege wa porini.

Vifaa: daftari la mistari, Anki kwenye simu kwa ajili ya kadi za maneno, kibodi ya Kirusi niliyoiongeza kwenye simu hiyohiyo, na bando la usiku. Programu karibu zote zinazofundisha Kirusi zinapitia Kiingereza, na mimi sitaki kuvuka mito miwili ili nifike ng'ambo moja. Kadi zangu zitakuwa Kirusi upande mmoja, Kiswahili upande wa pili, nizitengeneze mwenyewe. Walimu ni wawili. Mdogo wangu, kwa sauti za WhatsApp, na baba mkubwa, aliyesoma uhandisi Leningrad miaka ya 80 na mpaka leo anauita mji huo Leningrad ingawa ulirudia jina la Saint Petersburg mwaka 1991. Bahati nyingine ni kwamba saa za Dar na za Kazan ni zilezile, dakika kwa dakika. Akitoka darasani jioni, kwangu nako ni jioni.

Februari, herufi

Herufi ni 33: irabu 10, konsonanti 21, na alama mbili, ъ na ь, ambazo zenyewe hazina sauti ila hubadilisha tabia ya konsonanti iliyotangulia. А, К, М, О, Т hazina neno. Zenye hila ni В, Н, Р, С, У na Х, kwa sababu jicho lina mazoea nazo: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh. Ukiona РЕСТОРАН, jicho linang'ang'ania "pektopah", na pale mlangoni wameandika mgahawa tu. Zile ngeni kabisa, Ж na Ц na Щ na Я, ndizo zilizoingia upesi. Hazina mazoea ya kupigana nayo.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirusi. Orodha ya sokoni: вали, махараге, мчича, нази, укваджу. Vibao vya daladala: Мбагала, Кариакоо, Тегета, Гонго ла Мбото. Neno lenyewe unalijua, kwa hiyo akili inahangaika na herufi peke yake, na foleni ya Ubungo kwa mara ya kwanza imekuwa na faida. Kondakta mmoja ameniuliza kama naandika dawa ya kienyeji.

Mchezo huu unaonyesha pia palipo na pengo. Kirusi hakina h yetu nyepesi, hakina w, na j yetu wanaijenga kwa herufi mbili, дж. Hamisi anakuwa Хамиси, Mwajuma anakuwa Мваджума. Viza ya Urusi huandika jina kwa herufi zote mbili, za kwetu na za kwao, basi ni vizuri mtu ajue jina lake litakavyosikika dirishani. Anayeitwa Mwajuma asitegemee kuitwa Mwajuma.

Herufi za mwandiko ni habari nyingine. т ya mkono inafanana na m, д inafanana na g, п na n, и na u. Mdogo wangu kanitumia picha ya daftari lake la anatomia: mstari mzima ni vilima na mabonde, huoni neno linaanzia wapi. Nimeuacha mwandiko nje ya mradi. Vibao, tiketi na skrini za vituoni havijaandikwa kwa mkono.

Machi, ulimi

Mdogo wangu amepiga marufuku kuandika Kirusi kwa herufi za kwetu isipokuwa ndani ya shajara hii. Anasema wanaoanza hivyo darasani kwao walikwama, maana walikuwa wanasoma "spasibo" kwa o iliyokaa sawasawa, wakati spasibo ya mtaani ni "spasíba". Kanuni ni fupi: o isiyo na mkazo hugeuka a. Москва ni Maskvá, молоко ni malakó, хорошо ni kharashó. Na -ого mwishoni mwa neno husomwa -ova au -ava, ile г haisemwi g kabisa.

Kwa hiyo mkazo ndio kila kitu, na Kirusi hakiuandiki. Kiswahili kimetulea vibaya hapa. Kwetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na hauna haja ya kuulizwa. Maneno machache tu ndiyo yanayokataa, kama barabara ya kupita magari na barabara ya "sawasawa kabisa". Kirusi ni barabara hizo mbili kutoka alfajiri mpaka usiku. За́мок ni ngome, замо́к ni kufuli. Писа́ть ni kuandika, na пи́сать ni kukojoa. "Dada, hilo ukilitupa ovyo mbele ya profesa darasa zima linalala chini," kaniambia. Kila kadi yangu sasa ina alama ya mkazo kwa kalamu nyekundu, na hakuna neno linaloingia kwenye Anki kabla sijalisikia kwa sauti yake.

Konsonanti zinazofuatana ndizo zinazotoa jasho. Ulimi wa Kiswahili ukikuta konsonanti mbili bila irabu katikati unaipachika mwenyewe, kwa ukarimu. Здравствуйте, salamu ya heshima, ikitoka kinywani mwa Mswahili asiye na mazoezi ni "zidirasitivuyite". Njia tuliyoipata ni kuanzia kwenye maneno ambayo ulimi wetu tayari una desturi nayo. Много, yaani mengi, ni rahisi kwa anayesema "mno" tangu utotoni. Kutoka hapo unapanda: мне, где, кто, два, здесь. Здравствуйте ikaachwa mpaka mwisho wa mwezi, na в yake ya kwanza haitamkwi, kwa hiyo mzigo ni mdogo kuliko unavyoonekana kwenye karatasi: "zdrástvuytye".

Kuna tulivyopewa bure pia. Х ni kh ya kheri, na mtu wa Tanga au wa Unguja hana la kujifunza hapo. Нет inaanza na ny ya nyanya. R inayotetemeka tunayo. Ы ndiyo inayonikataa: mdogo wangu anasema tayarisha ulimi kana kwamba unasema u, halafu tandaza midomo kana kwamba unasema i. Nimeifanyia mazoezi jikoni mpaka mama akauliza kama tumbo linaniuma.

Sarufi ya mwanzo haikunitisha. Hakuna neno la "ni" kwa wakati uliopo: Я врач, mimi daktari, basi. Jinsi za nomino ni tatu, nao wanaosoma kupitia Kiingereza hulalamika sana juu ya kivumishi kubadilika: новый дом (nyumba mpya), новая книга (kitabu kipya), новое окно (dirisha jipya). Anayesema nyumba mpya, kitabu kipya, vitabu vipya, gari jipya, analalamikia nini? Ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo.

Machi, mwisho

Hapa mradi umebadilika sura.

Vitabu vidogo vya maneno ya safari, na video nyingi za mtandaoni, zinakupa maswali. Bei gani, kituo kiko wapi, treni inaondoka lini. Unakariri, unatamka vizuri, halafu? Mtu anakujibu. Na kadiri ulivyotamka vizuri ndivyo atakavyokujibu haraka, maana amekuona unajua. Kuuliza ni sentensi kumi. Majibu hayana idadi.

Nilimwuliza mdogo wangu: ukienda dukani, kuanzia unaingia mpaka unatoka, keshia anakwambia nini? Si wewe unachosema. Yeye. Akaenda na masikio wazi, akarudi na orodha fupi ajabu. Пакет нужен? (Unahitaji mfuko?) Карта есть? (Kadi ya duka unayo?) Картой или наличными? (Kwa kadi au taslimu?) Помельче не будет? (Huna ndogondogo?) Mgahawani: Вам здесь или с собой? (Unakula hapa au unabeba?) Siku baada ya siku ni hayohayo, duka baada ya duka. Kumbe majibu ya watu wa kazini yana mipaka, kwa sababu wao nao wamechoka.

Tangu hapo kila kadi mpya inaanza na kile nitakachosikia, ndipo nitakachosema.

Tunafanya maigizo kwa simu jioni. Yeye keshia, mimi mteja. Keshia huyu hana huruma, na nadhani anafurahia kunilipizia mambo ya zamani.

"Здравствуйте," nasema.

Haitikii. "Pakyet nuzhen?"

"Нет, не нужен." (Hapana, siuhitaji.)

"Karta yest?"

"Нет."

"Sto sorak syem."

Kimya. Sto ni mia, syem ni saba, sorak... Nasikia anagonga meza kwa kucha. "Devushka (binti), nyuma yako kuna watu," anasema kwa Kiswahili, na sauti ya kikeshia vilevile. Сорок ni arobaini. Inasimama peke yake, haifanani na nne wala na kumi, na ndiyo maana inapotea. 147.

Aprili, namba na saa

Namba zimechukua karibu mwezi mzima na sijutii. Kadi za benki za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule tangu Machi 2022, kwa hiyo nitakwenda na dola taslimu, nibadilishe, kisha nilipe kwa noti na sarafu. Mwenye kadi anaigusisha na kuondoka hata kama hakusikia bei. Mimi lazima nisikie.

Kwenye karatasi namba zina mantiki. Kwenye sikio zinakimbia. Двенадцать (12) na девятнадцать (19) zina mkia mmoja. Пятнадцать (15) na пятьдесят (50) zinatofautiana mwishoni, na mwishoni ndipo wanapomeza. Kisha neno la sarafu yenyewe linabadilika kwa namba inayolitangulia: один рубль, два рубля, пять рублей, halafu ukifika 21 unarudi рубль. Hilo nimelielewa ila silisemi. Keshia akisikia "два рублей" hatakufa. Dawa niliyotumia: mdogo wangu anapiga picha risiti zake, ananisomea jumla kwa sauti bila kunionyesha, naandika, ndipo anatuma picha. Sasa napatia nyingi, hasa zilizo chini ya elfu.

Saa imenipa raha kuliko nilivyotarajia. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapotoka, kwa hiyo Mswahili ana kazi ya kugeuza kabla hata hajaingia Kirusi: saa mbili na nusu asubuhi ni 8:30. Mrusi naye, akiwa haongei kama ratiba, haiiti nane na nusu. Anasema половина девятого, nusu ya saa ya tisa, maana saa ya nane imekwisha na ile ya tisa imefika nusu. Kwa hiyo mbili yetu ni nane ya saa ya ukutani ni tisa ya mdomo wa Mrusi. Nimeacha kupita katikati. Kwa nusu najumlisha saba moja kwa moja: saa mbili na nusu, tisa, saa nne na nusu, kumi na moja. Kisha nikafika kwenye без четверти девять, "bila robo, tisa", nikacheka peke yangu: saa tatu kasorobo, neno kwa neno isipokuwa saa. Baba mkubwa anasema hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyoipenda alipokuwa kwenye mwaka wa maandalizi, ule ambao wanafunzi wa kigeni husomeshwa Kirusi kabla ya masomo yenyewe. Wanauita подфак mpaka leo, na mdogo wangu naye ameupitia.

Tiketi hazina mambo haya. Zinaandika 20:30.

Aprili, tumbo

Kirusi kina hali sita za nomino, yaani mwisho wa neno hubadilika kufuata kazi yake kwenye sentensi, na jedwali lake likifunguliwa kwenye simu linahitaji kuteremshwa kwa kidole mara kadhaa. Nimelifunga. Nimejifunza hali mbili tu kwa uangalifu, na zote kwa kupitia chakula, kwa sababu ndipo nitakapozitumia kila siku.

Без ni bila, с ni pamoja na. Чай без сахара, чай с сахаром (chai bila sukari, chai na sukari). Без молока, с молоком (bila maziwa, na maziwa). Без лука, kwa kuwa kitunguu kibichi hatupatani. Na muhimu kuliko vyote kwa mla halali: без свинины. Swali lake ni Это со свининой? (Hii ina nguruwe?) Ukishalisema mara nyingi kwa njaa ya kweli, miisho ya hali hizo mbili inakaa kichwani bila jedwali, na unaanza kuitumia kwa maneno mengine bila kuombwa.

Kwa miji imekuwa hivyohivyo. Билет в Казань, tiketi ya kwenda Kazan. Я в Казани, niko Kazan. Angalia ule mwisho: Kazani! Mjini, nyumbani, kazini, Kazani. Ni sadfa tupu, na haishiki kwa Moscow, ambayo ni в Москве, lakini sadfa nzuri haikataliwi. Я из Танзании, natoka Tanzania, ndiyo sentensi ninayoisema vizuri kuliko zote.

Mei, kuitana na kujiita

Baba mkubwa ana Kirusi kizuri bado, kilichokaa kama nguo ya sandukuni. Tatizo ni mawili. La kwanza, Kirusi chake ni cha kiume. Wakati uliopita kitenzi hufuata jinsi ya msemaji: yeye anasema я не понял, mimi natakiwa kusema я не поняла. Заблудилась, nimepotea, заказала, nimeagiza. Kiswahili hakijali aliyepotea ni nani, kwa hiyo sikio letu haliko macho. Misemo yote aliyonirekodia nimeipitisha kwa mdogo wangu aivalishe gauni.

La pili ni kuitana. Yeye alifundishwa kumwita mtu товарищ, ndugu, na mtaani hilo limebaki jeshini na kwenye utani. Siku hizi mhudumu wa kike ni девушка, binti, hata akiwa na wajukuu. Wa kiume ni молодой человек, kijana. Hakuna mama, hakuna dada, hakuna mzee, na mimi bila hivyo najiona nimesimama mbele ya mtu bila shikamoo. Suluhisho la mdogo wangu: anza na Извините (samahani), tumia вы ("nyinyi" ya heshima) kwa kila mtu usiyemjua, na walimu wake nikitambulishwa kwao niwaite kwa jina na jina la baba kwa pamoja, jinsi wao wanavyoitana. Majina hayo mawili marefu nayakariri sasa. Ni magumu kuliko namba zote.

Mei, njia

Nimeitembea njia yangu kwenye ramani ya Yandex, nikiwa nimeiweka simu kwa Kirusi. Domodedovo, treni ya uwanja wa ndege hadi kituo cha Paveletsky. Hapo chini, metro, njia ya duara, ile ya rangi ya kahawia: Павелецкая, Таганская, Курская, Комсомольская. Nateremka Komsomolskaya, ambako vituo vitatu vya reli vinatazamana uwanja mmoja, na changu ni Казанский вокзал.

Jambo ambalo nimelipenda sana: kwenye metro ya Moscow, njia zinazokwenda katikati ya mji zinatangazwa kwa sauti ya mwanamume, zinazotoka katikati kwa sauti ya mwanamke. Kwenye duara, mwanamume anakwenda kufuata mishale ya saa, mwanamke kinyume. Kutoka Paveletskaya kwenda Komsomolskaya ni kinyume cha mishale, kwa hiyo nikisikia mwanamume anasema Осторожно, двери закрываются (tahadhari, milango inafungwa), nashuka kituo kinachofuata na kugeuza. Kirusi cha jinsia, hata ndani ya treni.

Vibao vya kutambua bila kufikiri: ВХОД pa kuingilia, ВЫХОД pa kutokea, КАССА dirisha la tiketi, ПЕРЕРЫВ wamekwenda mapumziko. Kwenye milango К СЕБЕ ni vuta, ОТ СЕБЯ ni sukuma. Choo changu ni Ж.

Treni ndiyo niliyoisomea kwa undani. Плацкарт ni behewa la wazi la vitanda 54. Купе ni vyumba vya watu wanne, vitanda 36. Waliowahi kulala kwenye treni ya Kigoma hawatashangaa. Namba za witiri ni za chini, za shufwa ni za juu, na hilo pekee linaokoa maneno mengi wakati wa kununua. Mdogo wangu amenikatia nafasi 15 behewa la 7, купе, chini. Mlangoni проводница, mhudumu wa behewa, atataka pasipoti pamoja na tiketi, kwani tiketi ina jina. Atakayoniambia: Ваш паспорт. (Pasipoti yako.) Какое место? (Nafasi namba ngapi?) Чай будете? (Utakunywa chai?) Maji ya moto ni bure usiku kucha, na chai huja kwenye glasi iliyovishwa kishikio cha chuma. Nitakayosema: Чай с сахаром, пожалуйста (tafadhali). Nimekuwa tayari kwa chai hiyo tangu Aprili.

Mei, mwisho: Kitatari

Hili halikuwemo kwenye mpango. Kazan ni makao makuu ya Tatarstan, jamhuri ya Watatari ndani ya Urusi, na vibao vya mji vina lugha mbili. Mdogo wangu alinitumia picha ya kituo cha metro: Площадь Тукая, na pembeni yake Тукай мәйданы, kwa jina la mshairi wao Gabdulla Tukay, aliyefariki mwaka 1913. Мәйдан. Medani! Nikamwambia aendelee kupiga picha.

Kitatari kimeandikwa kwa herufi za Kirusi tangu 1939, pamoja na nyongeza sita, jumla 39. Kabla yake kilipita kwenye herufi za Kilatini, na kabla ya hapo za Kiarabu, kama Kiswahili cha babu zetu. Uislamu uliingia bonde lile la mto Volga mwaka 922, ukaja na msamiati wake. Basi китап ni kitabu, вакыт ni wakati, дөнья ni dunia, хәбәр ni habari, na asante ni рәхмәт, ndugu wa rehema. Zile herufi za nyongeza nazo: Һ ni h yetu nyepesi, Җ iko karibu na j, na Ң ni ng' ya ng'ombe. Sauti ambazo Kirusi kilininyima, jirani yake anazo.

Wanakula pia эчпочмак, andazi la pembe tatu lenye nyama na viazi, sambusa iliyookwa badala ya kukaangwa. Без свинины, kwa kawaida. Ijumaa moja nitasali Marjani, msikiti uliojengwa kwa ruhusa ya Katerina wa Pili, malkia wa Urusi, 1766 hadi 1770.

Kitatari nimekiwekea kadi chache tu, salamu na shukrani. Kikizidi hapo kitakula muda wa namba.

Juni

Marudio, hakuna jipya. Vitenzi vya mwendo nimevisukuma mbele mpaka nirudi: идти na ходить kwa miguu, ехать na ездить kwa chombo, kila jozi na sababu zake. Safarini nitatumia мне нужно (nahitaji) na jina la mahali. Мне нужно Казанский вокзал. Si sarufi, lakini hakuna atakayenipeleka Yaroslavsky, kituo cha jirani.

Mtihani aliutunga mdogo wangu: alimpa simu mwenzake wa bwenini, Mrusi asiye na Kiingereza wala Kiswahili, na yeye akaondoka chumbani kweli. Tuliongea mpaka bando likanionya. Nilielewa anatoka wapi, ana ndugu wangapi, kwamba Kazan kuna joto sasa, na kwamba mdogo wangu hupika pilau inayoamsha korido nzima. Nilisema Повторите, пожалуйста (rudia, tafadhali) mara nyingi kuliko neno lolote. Yeye hakupunguza mwendo hata kidogo, na huko ndiko kunanifaa.

Leo amenitumia ujumbe yeye mwenyewe, hakupitia kwa mdogo wangu. Ndiye atakayenipokea. Встречу на перроне у седьмого вагона. Если поезд опоздает, не волнуйся. Nitakupokea jukwaani kwenye behewa la saba, treni ikichelewa, halafu neno nisilolijua. Nimejibu: Хорошо, спасибо. Место пятнадцать. (Sawa, asante. Nafasi ya kumi na tano.) Kisha nikalitafuta: не волнуйся, usiwe na wasiwasi. Mkazo kwenye у. Nimelitilia kadi.